Kuziba magego: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu aina za vizibo

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara mtu anapoambiwa gego lake limetoboka na anatakiwa kuchagua lizibwe kwa kitu gani. Yanaanzia kwenye mambo ya msingi na kuishia kwenye hali za pekee. Penye maelezo yaliyokwisha kutolewa, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Gego langu limetoboka lakini haliumi. Kuna haja ya kuliziba?

Ndiyo, na wakati mzuri wa kuliziba ni huu ambao haliumi. Enameli, yaani ganda gumu la nje, haina neva, kwa hiyo kuoza kunaweza kuendelea ndani yake bila wewe kuhisi chochote. Kukifika kwenye dentini, tabaka lililo chini ya enameli ambalo ni laini zaidi, uozo husambaa haraka na kwa upana. Mara nyingi mdomo wa tundu huwa mdogo kama ncha ya kalamu huku chini yake jino limekwisha kuwa pango. Uozo ukifika kwenye kiini, mahali penye neva na mishipa ya damu, kuziba peke yake hakutoshi tena: linabaki suala la kutibu mzizi, yaani kusafisha na kuziba ndani ya mizizi, au kung'oa.

Hata hivyo, si kila doa ni tundu. Doa jeupe au la kahawia ambalo uso wake haujabomoka linaweza kusimamishwa kwa dawa ya meno yenye floraidi, kwa daktari kupaka floraidi yenye nguvu zaidi, na kwa kupunguza idadi ya mara unazokula vitu vyenye sukari kwa siku. Kwenye vijibonde vya juu ya gego, daktari anaweza pia kumimina utando mwembamba wa kukinga bila kuchimba kitu. Lakini uso ukishabomoka, enameli haioti tena.

2. Magego huzibwa kwa vitu gani?

Vinavyotumika zaidi ni vitatu. Amalgamu ni ile ya rangi ya fedha, ambayo huwa nyeusi kadiri miaka inavyopita. Kompoziti ni resini, yaani aina ya plastiki, ya rangi ya jino inayogandishwa kwa mwanga wa buluu. Glasi ionoma ni saruji nyeupe inayotoa floraidi. Kuna pia vipande vya kauri au dhahabu vinavyotengenezwa nje ya mdomo na kugundishwa (swali la 14), na vizibo vya muda (swali la 21).

3. Kipi ni bora kuliko vyote?

Hakuna, na mtu akikujibu kwa neno moja kabla ya kulitazama jino lako, muulize zaidi. Kizibo kilekile kinachodumu miaka mingi juu ya gego la mtu mmoja kinaweza kufa ndani ya miaka miwili katikati ya magego ya mtu mwingine.

Mambo yanayoamua ni haya: tundu liko upande gani wa jino, ukubwa wake ukoje, kingo zake bado zina enameli, na je, sehemu hiyo inaweza kukaushwa na kubaki kavu kwa dakika zote za kazi. Baada ya hapo inakuja hali ya kinywa chote. Mtu mwenye matundu mapya kila mwaka atapoteza vizibo vya kila aina haraka kuliko mtu ambaye kuoza kwake kumedhibitiwa, hata kama wote wawili wamewekewa kitu kilekile na daktari yuleyule.

Ningependa kila mgonjwa aulize maswali mawili kabla ya kuuliza jina la kizibo: tundu langu liko juu ya gego au kati ya meno mawili? Na mtalikaushaje? Majibu ya hayo mawili yanasema mengi kuhusu miaka ijayo ya jino hilo kuliko jina lililoandikwa kwenye kopo.

4. Kwa nini tundu la kati ya meno ni gumu zaidi kuziba kuliko la juu ya gego?

Tundu la juu ya gego lina kuta pande zote, daktari analiona vizuri, na kingo zake zote ni enameli. Tundu la kati halina ukuta wa upande mmoja. Inabidi kulifanyia ukuta wa muda kwa utepe mwembamba wa chuma na kikabari kidogo kinachoubana chini, karibu na ufizi. Hapo chini ndipo penye shida: ufizi unatoka damu kirahisi, mate yanapenya, na enameli huwa nyembamba sana au haipo kabisa. Karibu kila tofauti kati ya vizibo inayozungumzwa hapa chini huonekana zaidi kwenye matundu ya aina hii.

## Amalgamu

5. Amalgamu ni kitu gani, na ilitawala vipi kwa muda mrefu hivyo?

Ni mchanganyiko wa zebaki, karibu nusu ya uzito wake, na unga wa fedha, bati na shaba. Ukichanganywa huwa ujiuji mzito unaoshindiliwa ndani ya tundu, na baada ya saa chache huwa chuma kigumu. Imetumika kwenye meno kwa zaidi ya miaka 150.

Nguvu yake si ugumu pekee. Amalgamu huvumilia makosa. Mate kidogo yakiingia, kazi haiharibiki yote. Na kadiri inavyokaa, kutu yake yenyewe hujaza ufa mwembamba uliopo kati yake na jino, kwa hiyo kingo zake huzidi kuziba kwa miaka. Hakuna kizibo kingine kinachofanya hivyo.

Udhaifu wake mkubwa, nikiacha rangi na zebaki, ni kwamba haishiki kwenye jino. Ili isitoke, daktari hulazimika kuchonga tundu liwe pana chini kuliko juu, na kulichimba hadi liwe na kina cha kutosha, hata kama uozo wenyewe ulikuwa mdogo. Sehemu ya jino isiyooza inapotea kwa ajili ya umbo la kizibo. Kwa tundu dogo la kwanza kwenye gego la kijana, hiyo ni hasara kubwa.

6. Zebaki iliyomo inanidhuru?

Kizibo cha amalgamu hutoa mvuke kidogo wa zebaki, hasa unapotafuna au kusaga meno. Kiasi hicho hupimika kwenye mkojo. Swali ni kama kinadhuru.

Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2006 yalilinganisha watoto waliozibwa kwa amalgamu na waliozibwa kwa kompoziti: moja la watoto 534 huko Marekani waliofuatiliwa miaka 5, lingine la watoto 507 huko Lisbon waliofuatiliwa miaka 7. Waliowekewa amalgamu walikuwa na zebaki zaidi kwenye mkojo, lakini hawakutofautiana na wenzao kwa akili, kumbukumbu wala utendaji wa neva.

Pamoja na hayo, mwaka 2020 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilishauri baadhi ya watu waepuke kuwekewa amalgamu mpya inapowezekana: wajawazito na wanaopanga kushika mimba, wanaonyonyesha, watoto hasa wa chini ya miaka 6, wenye magonjwa ya neva, wenye figo dhaifu, na wenye mzio wa zebaki. Mzio huo ni nadra. Dalili yake ya kawaida ni bato jeupe au jekundu kwenye ngozi ya ndani ya shavu, pale hasa linapogusana na kizibo.

7. Basi nitoe vizibo vyangu vya zamani vya amalgamu?

Kama ni vizima, havina ufa, na hakuna uozo kwenye kingo, viache. Huo ndio ushauri wa FDA pia. Wakati wa kukichimba kizibo ndipo mvuke mwingi wa zebaki hutoka, na kila uchimbaji hula sehemu ya jino zima. Unaweza kuingia na kizibo kizuri cha miaka 20 na kutoka na jino linalohitaji matibabu ya mzizi.

Sababu za kweli za kukitoa ni uozo mpya chini yake, kuvunjika, jino kupata ufa, au lile bato la mzio lililotajwa hapo juu. Kikitolewa, kichimbwe kwa maji mengi na mvutaji (kifaa cha kufyonza mate na mabaki mdomoni) wenye nguvu, na kikatwe vipande vikubwa badala ya kusagwa chote. Mtu akikuahidi kwamba kutoa amalgamu kutaponya uchovu, maumivu ya viungo au ugonjwa mwingine wa muda mrefu, usimkubalie akuguse meno.

8. Kama ni salama, kwa nini inapigwa marufuku?

Sababu kubwa ni mazingira. Mabaki ya amalgamu huingia kwenye maji taka na takataka, na zebaki yake hupanda kwenye hewa maiti zinapochomwa. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Umepewa jina la mji wa Japani ambako watu walipata sumu ya zebaki kupitia samaki. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuacha amalgamu kwa watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale daktari anapoona ni lazima. Umoja wa Ulaya uliizuia kwa watu wote kuanzia Januari 1, 2025, ukiacha nafasi hiyohiyo ya ulazima wa kitabibu. Novemba 2025 wanachama wa Mkataba wakaweka mwaka 2034 kuwa ukomo wa matumizi yake.

Kwa hiyo mjadala wa kuichagua unaelekea kufungwa. Kilichobaki ni kuhakikisha vinavyoshika nafasi yake vinawekwa kwa umakini unaotakiwa, na hilo ndilo linalonishughulisha zaidi katika maswali yanayofuata.

## Kompoziti

9. Kompoziti inashikaje kwenye jino, na kwa nini daktari anahangaika sana na ukavu?

Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosforiki huwa na vinyweleo vidogo ambavyo resini inaweza kupenya na kujikita. Ndivyo inavyofanyika hadi leo: asidi kwa sekunde chache, kusuuza, kukausha, gundi maalumu, kisha kompoziti yenyewe, ambayo ni resini iliyojaa chembe za kioo. Kwa sababu inagundika, daktari huchimba uozo tu na kuacha jino zima lilivyo. Kuta zilizobaki nazo hupata kushikizwa.

Lakini mshikano huo unategemea vile vinyweleo viwe wazi. Tone moja la mate likipita juu yake baada ya asidi, protini zake huviziba mara moja. Damu ni mbaya zaidi. Daktari akiendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, kizibo kitaonekana kizuri siku hiyo, kitang'aa, utafurahi. Chini yake patakuwa na upenyo usioonekana, na bakteria watautumia.

Njia ya uhakika ya kuzuia mate ni karatasi ya mpira inayotobolewa na kuvishwa juu ya meno ili gego litokeze peke yake. Wagonjwa wengi hawaipendi kwa sababu mdomo unahisi kufungwa, lakini unapumua kwa pua kama kawaida, na dakika mbili baadaye wengi huizoea. Ukiona daktari anaivisha, jua anakutakia kizibo cha miaka mingi. Pamba na mvutaji vikitumika vizuri vinaweza kutosha kwa tundu dogo la juu ya gego. Kwa tundu la kati lililoshuka hadi karibu na ufizi, sina imani navyo.

Kumbuka pia kwamba dentini, tofauti na enameli, ina unyevu wake wa asili, na haitakiwi kukaushwa kupita kiasi. Mshikano wake ni dhaifu na huchoka kadiri miaka inavyokwenda. Ndiyo maana ukingo wa chini usio na enameli (swali la 4) ndio mahali ambapo kompoziti huanza kushindwa.

10. Kwa nini inawekwa kidogokidogo badala ya kujazwa yote kwa mara moja?

Kwa sababu mbili. Mwanga wa buluu haupenyi mbali, kwa hiyo kompoziti ya kawaida huwekwa kwa matabaka yasiyozidi milimita 2, kila moja likigandishwa kivyake. Tabaka nene likigandishwa kwa pupa, juu huwa gumu na chini hubaki laini. Pili, resini hunywea inapoganda, kwa kawaida asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Kunywea huko huvuta kuta za jino au huufungua ukingo, na matabaka membamba hupunguza mvuto huo.

Zipo kompoziti zilizoundwa kuwekwa kwa milimita 4 kwa mkupuo. Zinafanya kazi vizuri zikigandishwa kwa taa yenye nguvu ya kutosha iliyoshikiliwa wima na karibu. Taa hafifu au iliyoinamishwa huharibu kazi ya kizibo chochote cha kompoziti, na wewe mgonjwa huna namna ya kulijua hilo kwa macho.

11. Kompoziti inadumu kama amalgamu?

Kwenye matundu madogo na ya wastani yaliyozibwa kwa ukavu, tofauti ni ndogo, na vingi hupita miaka 10. Kwenye matundu makubwa na vinywa vinavyooza sana, amalgamu imekuwa ikidumu zaidi. Tathmini ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, iliyohuishwa mwaka 2021 ilikuta vizibo vya kompoziti kwenye meno ya nyuma vikishindwa karibu mara mbili ya vile vya amalgamu, sababu kubwa ikiwa kuoza upya kwenye kingo. Sehemu kubwa ya takwimu hizo inatokana na majaribio yaleyale ya watoto ya swali la 6, yaliyotumia kompoziti za zamani. Zisomwe kwa kuzingatia hilo, lakini zisipuuzwe.

Namna zinavyokufa pia inatofautiana. Amalgamu kubwa hukaa yenyewe salama huku kuta za jino zikivunjika pembeni yake, maana haizishiki. Kompoziti huoza kwenye ukingo au huvunjika yenyewe.

12. Nimesikia kompoziti nayo ina kemikali mbaya.

Baadhi ya resini zinaweza kuachia kiasi kidogo sana cha bisfenoli A, kemikali inayotumika kutengeneza plastiki, hasa saa chache za mwanzo. Kiasi hicho ni kidogo, na hushuka haraka. Daktari hukipunguza zaidi kwa kugandisha vizuri, kufuta ule utando wa juu ambao haukuganda na kukusuuza kinywa. Mzio wa resini upo lakini ni nadra kwa wagonjwa. Huwapata zaidi wahudumu wanaoishika kila siku.

## Glasi ionoma

13. Glasi ionoma inafaa wapi, na inashindwa wapi?

Wilson na Kent waliitambulisha Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni unga wa kioo unaochanganywa na asidi, na hushikamana na kalsiamu ya jino kwa kemia, bila hatua zote zile za swali la 9. Huvumilia unyevu kiasi, hunywea kidogo, na hutoa floraidi, kisha hunyonya nyingine kila unapopiga mswaki. Kwa ukingo ulio chini, karibu na ufizi, ambako resini haina cha kushika, mara nyingi ni chaguo la busara, hata kama juu yake itafunikwa kwa kompoziti.

Inaposhindwa ni kwenye nguvu. Ikibeba mzigo wote wa kutafuna, hasa kwenye tundu la kati ya magego ya kudumu, huchakaa na kuvunjika. Zile nzito za kisasa zimeboreka sana, na zile zilizochanganywa na resini ni imara zaidi kuliko za kawaida, lakini sitaziita sawa na kompoziti kwa gego kubwa la mtu mzima.

Je, inaweza kutumika hata pasipo mashine ya kuchimbia? Inaweza. Njia ya kuondoa uozo laini kwa vyombo vya mkono na kuziba kwa saruji ilianza kutumika Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kisha ikasambaa duniani. Mara nyingi haihitaji sindano ya ganzi, kwa kuwa kinachokwanguliwa ni sehemu iliyokwisha kufa. Kwa matundu ya upande mmoja tu wa jino matokeo yake ni mazuri, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza glasi ionoma katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa hiyo ukitibiwa hivyo, usidhani umepewa huduma ya chini.

## Vinavyotengenezwa nje ya mdomo

14. Lini kizibo cha kawaida hakitoshi?

Pale kona za gego zinazotafuna zimepotea au zimebaki nyembamba. Kizibo kikubwa hakizuii kona dhaifu kupasuka. Hapo kipande cha kauri, resini iliyogandishwa maabara au dhahabu hutengenezwa na kugundishwa kikiwa kimezifunika kona hizo, au jino zima huvishwa kofia. Gego lililotibiwa mzizi karibu kila mara linahitaji kufunikwa hivyo, hata kama tundu linaonekana dogo.

Dhahabu hudumu sana na haichakazi jino la upande wa pili. Kauri ni nzuri kwa macho, lakini ikiwa nyembamba huvunjika.

## Siku ya kuzibwa na siku zinazofuata

15. Naweza kula baada ya muda gani?

Kompoziti imeganda kabla hujatoka kwenye kiti. Subiri tu ganzi iishe usije ukajing'ata shavu. Glasi ionoma huganda kwa dakika chache lakini huendelea kukomaa kwa siku nzima, kwa hiyo usitafune upande huo kwa saa moja, na uepuke vigumu hadi kesho yake. Amalgamu iachie saa 24.

16. Jino limezibwa, sasa ndiyo linauma. Ni kawaida?

Kushtuka kwa kitu cha baridi kwa sekunde chache, kukipungua siku hadi siku, ni kawaida kwa wiki mbili hivi. Amalgamu hupitisha baridi na joto zaidi kwa kuwa ni chuma.

Maumivu ya kung'ata tu, yaani unapofunga meno, mara nyingi ni kizibo kilichobaki juu kidogo. Ganzi ilikuzuia usihisi. Rudi mapema: daktari atakung'atisha karatasi ya rangi, aone alama, apunguze. Ni kazi ya dakika chache, na watu huvumilia miezi bure. Kama kimo kiko sawa na bado linauma kwa kung'ata, huenda gundi ya kompoziti haikushika vizuri au jino lina ufa.

Maumivu yanayokuja yenyewe, yanayokuamsha usiku, au joto linaloacha jino likipwita kwa muda mrefu ni dalili ya kiini kuvimba. Hayo hayasubiri wiki mbili.

17. Tangu nizibwe, chakula kinanasa kati ya magego.

Kizibo hakikugusana na jino jirani. Hili hutokea zaidi kwa kompoziti, kwa sababu amalgamu hushindiliwa kwa nguvu na kuusukuma utepe hadi uguse jirani, wakati kompoziti ni laini na haisukumi. Dawa yake ni daktari kutumia utepe uliopinda na pete inayoyatenga meno kidogo wakati wa kujaza. Pitisha uzi wa meno: ukipita bila kukwama hata kidogo, au ukichanika, rudi. Usiizoee hali hiyo, maana ufizi wa hapo utaumia na ukingo utaoza.

## Hali za pekee

18. Mtoto ana tundu kwenye gego la utotoni. Si litang'oka tu?

Litang'oka, lakini magego ya utotoni hukaa hadi miaka 10 au 12, na hushika nafasi ya yale ya kudumu. Glasi ionoma hufaa matundu madogo. Kwa tundu la kati, mara nyingi kofia ya chuma iliyotengenezwa tayari hushinda kizibo chochote. Kwa njia inayoitwa kwa jina la daktari Norna Hall wa Uskochi, kofia hiyo huvishwa bila sindano wala kuchimba, uozo ukafungiwa ndani bila chakula. Mtoto atahisi meno hayafungani vizuri, na hali hiyo hujirekebisha ndani ya wiki chache. Amalgamu haifai hapa (swali la 8).

19. Ni mjamzito. Nisubiri nijifungue?

Usikae na uozo unaokua. Kuziba na sindano ya ganzi ya meno vinaruhusiwa, na miezi mitatu ya katikati huwa rahisi zaidi kwako kukaa kitini. Cha kuepuka ni kuwekewa amalgamu au kutolewa ya zamani iliyo nzima. Mwambie daktari mapema, hata kama mimba ni changa.

20. Daktari ameacha sehemu laini ndani na kuziba juu yake. Amesahau?

Kama tundu lilikuwa refu, inaelekea alikusudia. Kuing'oa dentini yote laini hadi tone la mwisho kunaweza kufungua kiini, na jino lenye kiini kilichofunguliwa lina nafasi ndogo ya kubaki hai. Siku hizi kingo husafishwa hadi ziwe ngumu kabisa, na karibu na kiini huachwa tabaka jembamba lililolainika. Bakteria waliofungiwa humo hukosa sukari na kunyauka. Yote hayo yanasimama juu ya kizibo kisichovuja, kwa hiyo rejea swali la 9. Muulize daktari aandike kwenye faili lako kwamba aliacha makusudi, ili mwingine akiona kivuli kwenye eksirei asikifungue bure.

21. Nina kizibo cha muda chenye harufu ya karafuu. Kinaweza kukaa?

Kimetengenezwa kwa oksidi ya zinki na eujenoli, ambayo ndiyo hiyo harufu. Hutuliza jino lakini huchakaa na kuanza kuvuja kimyakimya, wakati jino halikukumbushi. Tekeleza tarehe uliyopewa. Na ukienda kwa daktari mwingine, mwambie kilikuwa humo: eujenoli huzuia resini kuganda vizuri, kwa hiyo lazima akisafishe chote kabla ya kuweka kompoziti.

22. Nasaga meno usiku. Nichague kipi?

Glasi ionoma usiiweke sehemu inayobeba mzigo. Kompoziti huvumilia kama tundu ni dogo. Kwa tundu kubwa zungumzia kufunikwa kona (swali la 14). Vyovyote iwavyo, utahitaji kinga ya plastiki ya kuvaa usiku, la sivyo utavunja chochote utakachowekewa.

23. Kona ya kizibo imevunjika. Kibadilishwe chote?

Si lazima. Kama sehemu iliyobaki ni imara na haina uozo chini yake, kipande kilichovunjika kinaweza kutengenezwa peke yake, na kwa kompoziti hilo ni jepesi kwa kuwa mpya hugundika kwenye ya zamani ikikwaruzwa na kupakwa gundi. Kila kizibo kinapotolewa chote, tundu linalofuata huwa kubwa kuliko la kwanza, kwa hiyo dai sababu kabla ya kukubali. Mstari wa kahawia kwenye ukingo wa kompoziti, kwa mfano, mara nyingi ni rangi ya chai au kahawa tu, na husafishika kwa kung'arishwa.

Wakati unasubiri kuonwa, tafunia upande wa pili, endelea kulipiga mswaki jino hilo hata kama linashtuka, na kipande kilichotoka usikirudishe kwa gundi ya dukani. Kama kimetoka kizima, nenda nacho.